Bahasha Tupu za Abdiqani

Posta ya Garissa ilifurika siku hiyo. Kowsar, muuza vitambaa sokoni, alisimama foleni na dera lake la rangi ya papai, jasho likimtiririka mgongoni. Mbele yake kijana mrefu alikuwa akimbembeleza karani.

"Taratibu, ndugu yangu. Muhuri uguse stempu na bahasha, usipake wino ovyo."

Kowsar akachungulia. Bahasha ilichorwa ndege korongo pembeni, nzuri hasa, lakini nyepesi mno.

"Walaal, ndugu yangu, mbona haina barua? Unamtumia nani hewa?"

"Najitumia mwenyewe," akajibu bila haya. "Stempu hizi zimetoka leo. Nakusanya bahasha zilizogongwa muhuri siku ya kwanza ya stempu."

"Makubwa! Watu tunayeyuka hapa, wewe unajiandikia hewa!"

Kijana akacheka, na kicheko chake, wallahi, kilimsahaulisha Kowsar foleni na joto lote.

Aliitwa Abdiqani, mganga wa mifugo. Mapenzi yakashika moto. Jioni walitembea kando ya Tana, maji mekundu yakienda polepole, Abdiqani akisimulia bahasha zake. Kowsar aliisikia sauti tu, maneno yakampita, kama anayeota macho wazi. Akiwa safarini, Abdiqani alipiga simu duka la jirani.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimeshiba sauti yako," Kowsar alikuwa akijibu.

"Muongo wewe!"

Alipotumwa Griftu kuchanja ngamia, akamwachia Kowsar albamu yake ya bahasha. Naye, kwa kutaka kumfurahisha, akakumbuka wenzake wa shule waliokusanya stempu, walivyoziloweka zikabanduka. Akajaza beseni maji vuguvugu, akabandua stempu zote, akazianika juu ya kitambaa safi moja moja. Zikapendeza! Bahasha akawashia jiko.

Abdiqani akarudi, akazitazama stempu, akatazama huku na huku.

"Bahasha ziko wapi?"

"Zile karatasi? Nimewashia jiko, mpenzi."

Akaketi kama aliyekatwa miguu. "Umeniua, Kowsar. Stempu bila bahasha na muhuri wake ni nini? Asiyejua thamani ya kitu hapewi kitu kutunza!"

Akaondoka. Loo, maneno hayo yalimchoma Kowsar! Simu ikalia kwa jirani siku baada ya siku, hakwenda kuipokea. Nyumbani nako, mama yake, Saynab, alikuwa na posa ya mfanyabiashara wa Lafey, na jibu lilingojwa Ijumaa. Kowsar alimpenda Abdiqani, na moyoni hakujidanganya. Lakini ataolewaje na mtu anayelilia karatasi kuliko yeye?

Alhamisi mchana Abdiqani akatokea kibandani, macho mekundu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nunua kitambaa au pisha wateja."

"Nisikilize kwanza. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa Januari mosi. Chako je?"

"Januari mosi," akasema Kowsar, akijizuia kucheka. "Nusu ya Garissa imezaliwa siku hiyo. Malishoni nani alikuwa na kalenda?"

"Mama alinizaa wakihamia kisimani, mvua imechelewa. Hakuna anayejua siku. Ndiyo maana nilizipenda bahasha zile, kila moja ina siku yake, haina ubishi. Nilizilia, sikufichi. Lakini uliponinyima sauti yako, nikaona siku zile zote hazikuwa zangu. Wewe ndiye wangu."

Kowsar akainamia vitambaa vyake machozi yasionekane. "Hukuwahi kuniambia haya. Ningejua, nisingezigusa. Nilitaka ufurahi tu."

"Najua, nami nikakutukana kwa wema wako. Nisamehe, kipenzi. Nioe mimi, nipate siku moja inayojulikana. Watoto wetu wakituuliza, tuwajibu bila kubahatisha."

"Wanaume ndio huoa, Abdiqani."

"Basi kubali nikuoe!"

Kowsar akapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Lete wazee wako leo."

"Leo hii?"

"Leo hii, kabla ya magharibi. Kesho mama anampa mtu wa Lafey jibu."

Abdiqani akatoka mbio, akiwakanyagia watu mbuzi wao bila kuomba samahani. Kowsar akafunga kibanda, akaenda nyumbani kumwambia mama aongeze maji ya chai.