Kumi na Mbili za Rafu ya Tatu

"Acha kazi hii, Zuleide, au nirudishie pete yangu."

Genival aliyasema hayo mbele ya watu, mlangoni mwa ghala la parachuti, katika kambi ya ndege ya Wamarekani pale Parnamirim, Brazili, mwaka 1943. Zuleide alikuwa mezani akilaza hariri, kunjo juu ya kunjo. Hakuinua macho mpaka alipomaliza.

"Kisa?"

"Wenzangu wananicheka. Wanasema mchumba wangu ni wa wageni."

"Na wewe unasemaje?"

Genival alikuwa mpiga redio kwenye ndege ya Brazili iliyowinda nyambizi za Wajerumani. Kazi yake ilikuwa kusema, lakini hapo alibabaika.

"Jana rubani wetu aliikataa parachuti yenye saini yako. Kasema hapandi na kitu kilichofungwa na mwanamke. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, mpenzi?"

"Ungesema inafunguka."

Sajini Halvorsen, mkuu wa ghala, aliyejifunza Kireno kwa wauza mikate ya tapioka wa getini, alikohoa.

"Jamani, hayo kamalizieni nyumbani."

"Tunamalizia hapa, Sajini. Sheria ya kikosi inasemaje kuhusu mfungaji wa parachuti?"

"Anaruka mara moja na parachuti aliyoifunga mwenyewe. Mwingine ndiye humchagulia. Lakini nyinyi wanawake mmesamehewa."

"Nani kati yetu aliomba kusamehewa?"

Sajini alimtazama, kisha akanyanyua simu.

"Kapteni, nina mwanamke hapa anataka kuruka… Ndiyo, ana akili timamu… Kunishinda mimi, bwana."

Akaiweka simu chini. "Kesho, saa tatu asubuhi."

Kesho yake asubuhi, parachuti kumi na mbili zenye saini ya Zuleide zilikuwa kwenye rafu ya tatu.

"Genival, nichagulie."

Aligusa moja, akaiacha. Akagusa nyingine.

"Siwezi, Zu. Nikikosea je?"

"Nikikosea mimi, ndivyo unavyotaka kusema. Kama kazi yangu ni nzuri, zote kumi na mbili ni sawa."

Genival akarudisha mkono. Halvorsen akachukua ya mwisho bila kuitazama.

Zuleide aliruka kutoka mita mia tisa. Alihesabu mpaka tatu, akavuta, na hariri ikafunguka. Alitua kwenye vichaka vya mikorosho, suruali imechanika, kifundo cha mguu kimeteguka. Genival alikuwa wa kwanza kufika, akihema.

"Nilidhani nimekupoteza."

"Uliogopa kuchekwa. Kisha ukaogopa kazi yangu. Kunipoteza lilikuwa la tatu."

Akavua pete, akamtia kiganjani. Akakumbatia hariri yake, akachechemea peke yake mpaka ghalani.

Siku ya nne, Genival alikuja kwenye dirisha la ghala na rubani wake kuchukua parachuti. Karani akampa moja. Akasoma kadi yenye saini ya mfungaji, akairudisha.

"Nataka ya Zuleide Bezerra."

Rubani akacheka. "Amekukalia kichwani, ndugu yangu."

"Na akae. Yeye ameruka. Wewe umewahi?"

Rubani akachukua yake, akaondoka.

Zuleide alitoka nyuma ya rafu, parachuti mikononi, akamkabidhi Genival.

"Kadi inasemaje?"

"Imefungwa leo. Irudi siku ya sitini, ifungwe upya."

"Irudishe mwenyewe. Siku hiyohiyo, saa nne, uwe kanisani na pete yako."

"Na kazi?"

"Kesho yake saa moja niko mezani. Kama una neno, liseme sasa, na hawa wote wasikie."

Genival akageukia foleni ya wenzake nyuma yake.

"Inafunguka," akasema kwa sauti. "Tumeiona wote."

Akavaa parachuti, akafunga mikanda harakaharaka, akageuka kwenda kwenye ndege.

"Genival."

"Naam?"

"Hujakagua vifungo."

"Nakuamini."

"Kuniamini ni kwako. Kukagua ni sheria. Rudi hapa."

Akarudi, akakagua kimoja kimoja, naye Zuleide akihesabu.