Kibao cha Chemchemi

Giza lilikuwa linaanza kuingia pale Fundi Cherehani alipotoka kwenda kuchota maji chemchemini, ndoo mkononi, mdomo haufungi. Mwanamke yule jamani! Aliwaburuza wanawake wa mtaa mpaka ofisi za mji, wakakaa chini kwenye korido, wakagoma kuondoka mpaka chemchemi ikatangazwa urithi wa mji. Marufuku kujenga, marufuku kufukia. Na kibao cha chuma kilichosimikwa pale, ENEO HILI LINALINDWA, alikitengeneza mumewe mwenyewe, fundi wa kuchomelea. Alivyoringa siku ile, utadhani kaolewa upya!

Basi kafika. Chemchemi hakuna.

Kuna kifusi. Vumbi lake bado halijatulia. Na kibao hakipo.

Akatetemeka. Msidhani ni woga. Hasira! Hasira mpaka macho yakaona ukungu.

Mara nyuma yake... chapa. Chapa. Chapa. Kama mtu anayetembea na viatu vimejaa maji. Akageuka. Hamna mtu. Harufu tu, ya tope la zamani, ya baridi.

"Na wewe una lako?" akafoka. "Sina muda!"

Akashika njia ya nyumbani. Ile chapa chapa nayo nyuma yake.

Akaingia, akabamiza mlango, akaweka komeo. Mumewe amepanda kitandani, magoti kifuani kama kuku aliyenyeshewa. Sakafu imelowa.

"Nani kamwaga maji?"

"Hakuna aliyemwaga," mume akanong'ona. "Yanakuja yenyewe."

Akainama uvunguni. Kibao kile pale, kinachuruzika.

"Baba watoto. Hiki kinafanya nini humu?"

"Yule mjenzi wa hapa mtaani alisema niking'oe tu. Pasipo kibao, nani atajua palikatazwa? Anataka kuweka kituo cha mafuta."

"Ukang'oa! Mimi nimesugua makalio kwenye sakafu ya ofisi za watu, wewe ukang'oa! Mwanaume mzima, akili za kuazima!"

"Punguza sauti, mke wangu..."

Hodi.

Sauti nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi. Maji yakapenya chini ya mlango.

Hodi...

"Usiitikie," mume akanong'ona. "Ni mwenye chemchemi. Kwake kumefukiwa. Sasa anakifuata kibao. Kibao ndicho kinachosema hapa ni kwake."

Mwingine angezimia. Yeye alibeba kibao kichwani, akatokea mlango wa uani, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mjenzi. Akakisimika kwenye maua, mbele ya geti, akakigongomea kwa jiwe.

"Haya! Kunyweni petroli!"

Chapa. Chapa. Kitu cha baridi kikampita begani, kikaenda getini.

Hodi...

Ndani redio ilikuwa inaimba. Ikazimwa. Taa zikazimwa. Hakuna aliyeitikia.

Hodi... Hodi...

Kisha kimya.

Akarudi nyumbani anacheka peke yake, mapaja anayapiga. Akakuta sakafu imekauka.

"Kimekwisha! Kesho nakuja na wenzangu, tunafukua kile kifusi kwa kucha zetu, na wewe utashika koleo mbele yetu!"

Mume hakucheka.

"Mke wangu. Umesahau vibao vilikuwa viwili. Kingine kilikuwa upande wa barabarani."

"Kiko wapi?"

"Mlango wa jiko wa mama yako ulikuwa na tundu. Nilimzibia nacho leo asubuhi..."

Mkono ukampanda amnase kibao cha uso. Simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, mbona hukuniambia unaniletea mgeni? Amelowa chapachapa, maskini. Kapiga hodi, nimemkaribisha, nimempa kiti karibu na moto. Lakini hakauki."

"Mama! Mtoe nje! Mtoe sasa hivi!"

Simuni maji yanadondoka... tone... tone...

"Nitamtoaje, mwanangu," mama akanong'ona, "na yeye anasema hapa ni kwake?"