Rangi Chini ya Boliti

Saa mbili na robo asubuhi, gurudumu la tela lilikuwa juu ya jeki, likizunguka bila kusimama, ingawa Mwinshehe alikuwa amebonyeza kitufe cha breki za umeme ndani ya pikapu.

"Bado!" Shadia aliita kutoka nyuma, alikokuwa akilizungusha kwa mkono.

Safina, binti wa Mwinshehe, alikuwa akifagia karakana yao ya Rusimbi, kama kila Jumamosi. Alifagia taratibu ili asikie kila neno. Tangu Shadia, binti wa baba yake mkubwa, aje kutoka Simbo kusoma mjini, mita ya kupimia umeme ilikuwa mikononi mwake. Hata jina "fundi wangu", ambalo Safina aliitwa tangu darasa la tatu, baba alikuwa amempa mgeni.

"Fundi wangu, umeme unafika?"

"Unafika kwenye plagi, baba mdogo. Lakini sumaku za breki hazivuti."

Safina aliinama kuzoa takataka. Jana, alipoipaka tela rangi ya buluu, aliufungua waya wa ethi kwenye chuma, akapaka tundu na boliti, kisha akaufunga tena juu ya rangi. Alitaka kazi ipendeze. Sasa alielewa: chuma kisipogusa chuma, umeme haupati njia ya kurudi kwenye betri. Baba alimfundisha hilo yeye kwanza. Akanyamaza.

"Labda plagi niliifunga vibaya jana," Shadia alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Nuhu, mwenye boti iliyopakiwa juu ya tela, alicheka. "Fundi wa Simbo, rudi ukapalilie mihogo! Mwinshehe, twende hivyo hivyo. Mteremko wa kushushia boti ziwani, pale mwaloni, si mrefu. Nitatembea pembeni na kabari. Tela ikisukuma, naichomeka chini ya gurudumu."

Mwinshehe alimtazama Shadia. "Mpe Safina mita."

Mita ilikuwa bado na joto la mkono wa Shadia. Safina alikuwa amekitaka kitu hicho kwa muhula mzima. Lakini baba alikubali shauri la mzee, akaanza kushusha jeki. Mzee Nuhu aliokota kabari, kipande cha mbao kisichozidi kiatu chake, akasimama kando ya boti.

"Baba, usishushe! Plagi ni nzima. Nilipaka rangi chini ya waya wa ethi."

"Umejua lini?"

"Shadia aliposema sumaku hazivuti."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka akosee. Fundi wako nilikuwa mimi."

Mzee Nuhu aliiweka kabari chini bila kutania.

"Rangi ni kosa la kazi, inakwanguliwa," Mwinshehe alisema. "Kunyamaza kwako kungemlaza Mzee Nuhu chini ya gurudumu. Ukiona wivu, njoo uniambie. Ila ukijua hitilafu, iseme, hata kama atakayesifiwa ni mwenzako. Shadia, nimekuhukumu kabla ya kupima. Nisamehe."

Safina alimrudishia Shadia mita, akachukua msasa.

"Hapo bado, fundi wa rangi," Shadia alisema, akiwa amechuchumaa kando yake. "Na boliti pia."

Safina alisugua mpaka chuma kikang'aa. Wakafunga waya. Baba akabonyeza kitufe, na gurudumu likasimama papo hapo.

Saa nne kasorobo, katikati ya mteremko wa mwaloni, Mwinshehe alitumia breki za tela tu, bila kugusa za pikapu. Tela, boti na pikapu vilisimama.