Jeki Isiyovuja

Saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi, gari lilimshukia fundi saa mstaafu kwenye banda la nyuma ya nyumba yake. Mdogo wake ndiye aliyesikia ukelele, akaazima jeki ya jirani na kumvuta kaka yake akiwa hai, mbavu nne na mguu mmoja vimevunjika. Kufikia saa nne, mdogo mtu alikuwa mahabusu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Huyu hakuachwa aende.

Sababu zilikuwepo. Jana yake walizozana mbele ya majirani kuhusu gari hilo la marehemu baba yao, na jeki iliyoshuka aliichagua yeye. Mpelelezi, mama wa makamo aliyechukia kesi rahisi, alipewa hadi saa nane mchana aandike mashtaka.

"Nilimchagulia jeki ya tani tatu, na gari lenyewe halifiki mbili," mdogo mtu alimwambia. "Nikamng'ang'aniza achukue na stendi mbili. Jeki kazi yake kuinua, afande. Inayoshika gari ni stendi. Nilimwambia, kaka, usiingie uvunguni bila stendi hata kama umeangusha pete ya ndoa."

"Stendi ziko wapi sasa?"

"Rafuni. Jumapili niliziona."

Rafuni hapakuwa na kitu, ila alama nane za miguu ya stendi kwenye vumbi.

Muuza vipuri aliyeuza jeki hiyo alipoletwa bandani alianza kuapa kabla hajaulizwa. Alipoifungua jeki, akatulia.

"Mafuta yamebaki nusu. Hii itainua gari, halafu ishuke nalo polepole."

"Imevuja?"

"Ingevuja, sakafu ingechafuka."

Saruji ilikuwa kavu. Kizibo cha jeki kilikuwa kimekazwa vizuri, tena kimepanguswa. Mpelelezi alikitazama kwa muda mrefu. Mtu mwenye hasira za jana, alijiambia, hapangusi kizibo.

Saa sita na dakika ishirini aliingia jikoni na kumwomba mke wa fundi maji ya kunywa. Mama huyo alikuwa mtoa dawa wa zahanati, na kabati lake lilikuwa zahanati ya pili: kila chupa na karatasi yake. Chumvi, imefunguliwa tarehe tatu. Sukari, tarehe tisa. Nyuma ya ndoo ya unga palikuwa na stendi mbili zilizoviringishwa shuka kuukuu, na chupa yenye mwandiko uleule: *Mafuta ya jeki. Jumatatu. Yarudishwe.*

Mpelelezi aliiweka mezani taratibu. Alimhurumia kabla hajamsikiliza.

"Dada yangu, uliandika hata hii?"

"Chupa isiyo na jina ni sumu. Ndivyo tulivyofundishwa." Mama alikaa. "Jumamosi hii alitaka kuendesha aende kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Haoni vizuri tena, afande. Ndiyo maana aliacha saa. Nikasema, bila stendi haingii uvunguni, na bila mafuta jeki itagoma. Gari halitatengenezeka, safari itakufa yenyewe. Sikujua ataingia hata bila stendi, wala kwamba jeki itakubali kwanza, halafu imwangushie gari."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Aliniapisha. Fundi saa kipofu! Alisema heri afe."

"Na shemeji yako, ungemwacha afungwe?"

"Kila dakika nilikuwa najiambia, dakika hii nitasema."

Mpelelezi alipiga simu kituoni. Saa saba na nusu mdogo mtu aliingia jikoni, bado ana grisi mikononi, akaelezwa yote akiwa amesimama. Mama aliinuka kumpigia magoti. Mdogo mtu alimshika mabega, akamzuia.

"Jana nilipogombana naye," alisema, "nilikuwa namwomba aniruhusu niwapeleke mimi kwa mjukuu. Akasema hawezi kubebwa kama mzigo. Ungeninong'oneza tu, shemeji. Ningemwendesha maisha yake yote, na nisingemuuliza kwa nini."

Mama alilia kwa sauti. Mpelelezi alifunga daftari lake na kumsubiri amalize.