Mikunjo Usoni mwa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Damari alimsaidia mama yake kuchuma maua ya pareto katika shamba lao la Uporoto, juu ya mji wa Mbeya. Ilikuwa mwaka 1956. Mama Lusia alikuwa mchapakazi. Kitambaa chake cha kichwa alikivua akafunikia kapu, maua yasiingie vumbi, kisha akashinda juani kichwa wazi.

Asubuhi moja mama alicheka, na Damari akaona mikunjo pembeni mwa macho yake. Moyo ukampasuka, paa. Bibi yake alikuwa na mikunjo kama ile, na mwezi uliopita walimzika. Waombolezaji walisema, "Uzee umemchukua." Hesabu za darasani zilimshinda Damari, lakini hii aliipiga upesi: uzee umebisha hodi kwa mama, na kifo kiko nyuma yake.

Aliogopa hata kuuliza, asije akakiita kifo kwa mdomo wake. Akawa anaaga kwenda shule, kumbe anajificha shamba lao la bondeni, anachuma peke yake ili mama asichoke, asizeeke. Siku ya nne mama akamkuta huko.

"Damari, shule imehamia huku siku hizi?"

Mtoto alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. Akaangua kilio. "Mama, usife."

Mama Lusia hakumpiga. Alimshika mkono hadi zahanati, kwa dresa aliyetibu wagonjwa pale, Bwana Eliezeri. Njia nzima Damari aliamini kuwa dresa ataitaja siku yenyewe ya kifo cha mama.

"Shikamoo, baba," alinong'ona.

"Marahaba." Dresa alipokwisha kusikia habari yote, alimwomba mama akunje mkono wa blauzi, akamgeukia Damari. "Tazama huku ndani, juu ya kiwiko. Ngozi ni laini, sivyo? Ina umri uleule wa ngozi ya usoni, ila jua haliifikii. Ndani ya ngozi mna nyuzi nyembamba zinazoivuta. Umri huzilegeza polepole, jua kali huzilegeza mapema. Mama yako ni mzima. Akirudishe kitambaa kichwani, akishushe hadi usoni, na kapu alitafutie kifuniko kingine."

"Hafi?"

"Si kwa mikunjo. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha hofu, ukamdanganya mama, ukamtoroka na mwalimu. Ungeuliza siku ya kwanza, usingemlilia siku nne mtu aliye hai."