Kifaa Kimoja Kimeunganishwa

Winfrida alikuwa ameshaondoka, na simu bado inasema kuna mtu.

Kilianza hivyo tu, kitu kidogo. Juu kwenye kioo, kamstari: kifaa kimoja kimeunganishwa. Nikajua ni yeye, Winfrida fundi cherehani, jirani yangu hapa Unyambwa, tumetenganishwa na uzio wa minyaa tu, na hotispoti nilikuwa nimeiwasha kwa ajili yake. Nikasema huyu atanimalizia bando. Nikatoka hadi kwenye uzio nimwite. Mlango wake una kufuli. Nikakumbuka alipanda bodaboda tangu saa tano kwenda mjini kununua uzi, na sasa ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, hata kuku wamejificha.

Nikaangalia tena. Kifaa kimoja.

Simu ilikuwa ngeni kwangu. Mume wangu Elisha yuko Manyoni, anapaka rangi majengo, na alininunulia simu hiyo iliyokwisha kutumiwa na mtu ili awe anamwona mtoto kwa video. Asnath wetu alikuwa na miezi saba. Mimi nimefika kidato cha nne lakini nilizoea simu ya tochi, kwa hiyo Winfrida ndiye aliyenifundisha, asubuhi ileile, tumekaa kizingitini, mtoto mapajani kwangu.

"Ingia mipangilio. Shuka. Umeona mtandaopepe? Ndiyo hotispoti yenyewe, washa."

"Inataka jina."

"Weka lolote, ila usiache hilo la kiwandani, lina namba kama mfungwa."

"Na nenosiri?"

"La nini? Acha wazi. Nani atakuja kukuibia bando huku, mbuzi?"

Tukacheka. Mtoto akaanza kulia, Winfrida akamchukua akamzungusha uani, nikabaki na kile kisanduku cheupe kinachosubiri jina. Na mimi, sijui niseme nini, kidole kikaenda chenyewe kwenye jina ninalolipenda kuliko yote duniani. Nikaandika jina la ndani la mwanangu.

Hapo inabidi nieleze. Kwenye ukoo wa mume wangu mtoto ana jina la kanisani, hilo Asnath, na ana jina la ndani analopewa na bibi yake. La ndani halivuki mlango mpaka mtoto atembee kwa miguu yake. Ndani utamwita, tena kwa kumnong'oneza sikioni, lakini nje hapana. Mama mkwe wangu, mama Klara wa Kinyangiri, Klara likiwa jina lake mwenyewe, alinishika mkono siku alipolitoa, akaniambia, "Huyu bado hawezi kukimbia. Usimfanye aitwe na kila kitu." Nikasema ndiyo, mama. Na kweli sikulitamka nje hata siku moja. Niliandika tu. Nilidhani linakaa humo ndani ya simu kama picha inavyokaa. Sikujua kwamba hotispoti inalirusha, kwamba tangu nilipobonyeza kuhifadhi lile jina lilikuwa linaitwa nje ya mlango, juu ya mashamba na mawe yote haya, bila kupumzika, na mlango wenyewe nimeuacha wazi.

Jina hilo sitaliandika hapa, mnisamehe.

Basi, mchana ule nikabonyeza kile kimstari nione ni simu ya nani. Simu ya Winfrida asubuhi ilionekana kwa jina lake. Hii haikuwa na jina. Palikuwa na nafasi tupu, na pembeni yake maneno: imeunganishwa. Nikasikia harufu ya mawe yaliyonyeshewa. Mwezi wa saba, Singida, hakuna wingu. Halafu nje, kwenye turubai nilikoanika alizeti, nikasikia mbegu zinakanyagwa. Kwacha. Kimya. Kwacha. Nikatoka na fimbo nikijua ni mbuzi, sikukuta mbuzi, ila mbegu zilikuwa zimebonyea mahali pawili, sambamba, kama mtu amesimama pale akitazama mlango wangu.

Nikazima hotispoti. Ndipo mtoto akalia, na ndipo niliposhtuka kwamba tangu Winfrida aondoke alikuwa hajalia, hajataka ziwa, amelala macho wazi akiangalia mlangoni. Nilipomshika miguu ilikuwa baridi kama bakuli la maji ya asubuhi. Na simu, iliyokuwa kiunoni kwenye khanga, ilikuwa imeniunguza ngozi.

Kesho yake saa saba hotispoti ikajiwasha yenyewe.

Simu sikuigusa, naapa. Ilikuwa juu ya kabati. Nilisikia harufu kwanza, ile ya mawe, nikageuka, mtoto ameshanyamaza. Nikaparamia simu, moto, kifaa kimoja. Nikabonyeza zuia. Ikatoweka, nikahesabu moja, mbili, tatu, ikarudi. Nikazuia tena, ikarudi. Nikazima simu kabisa, Asnath akavuta pumzi ndefu kama aliyeibuka kutoka kwenye maji, akalia, nikalia naye.

Jioni nikaiwasha nikampigia Elisha. Nikamweleza mbiombio, akacheka.

"Mama Asnath, hiyo simu imetumika, betri inachemka. Zima data ukilala."

"Baba Asnath, mtoto anapoa. Anapoa, unanisikia?"

"Anapoa vipi na hapo namsikia anacheka? Tena mpunguze, ananijaa sikioni."

Nikageuka kutazama. Mtoto alikuwa chumbani, amelala, mlango nimeurudishia. Mimi nilikuwa jikoni peke yangu.

"Elisha," nikamwita kwa jina lake, ambalo huwa simwiti. "Mtoto hayuko hapa."

Akauliza polepole, "Hiyo hotispoti, uliipa jina gani?"

Nilipomwambia, nilisikia ndoo ya rangi ikianguka. "Umeliandika nje," akasema. "Martina, umeliandika nje." Akakata, akampigia mama yake.

Mama Klara alifika kesho yake kabla ya mchana, vumbi la njia ya kwao Mkalama mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, mlango uko wazi, ananiona kabisa, na bado akapiga hodi mara tatu.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Hakuniomba maji wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimvua Asnath nguo, akamwosha maji ya chumvi, akamfunga kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akaketi akielekea mlango. "Washa hiyo simu yako," akasema. "Tumngoje."

"Mama, tuivunje tu. Nina nyundo."

"Ukiivunja jina litabaki kwa huyo wa nje. Atatembea nalo. Washa."

Tukangoja. Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na saa saba ukakatika ghafla, mabati yakatulia, ikaja ile harufu, mara hii nzito, kama tumekaa chini ya jabali baada ya mvua, na kwenye turubai mbegu zikaanza, kwacha, kwacha, safari hii hazikusimama, zilikuwa zinakuja, na hotispoti ikajiwasha mkononi mwangu, na kifaa kimoja kikatokea, na Asnath akiwa kifuani kwa bibi yake akageuza shingo kuelekea mlangoni, akatabasamu, mtoto wangu, akatabasamu kwa kitu ambacho mimi sikukiona, na midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Bonyeza pale penye jina," mama Klara akanong'ona. "Futa hilo. Andika lingine."

"Lipi, mama?"

"Langu."

"Mama, hapana."

"Andika! Mimi natembea. Nimezaa, nimezika, nina miguu yangu miwili. Huyu ana nini? Andika, mwanangu, amefika kizingitini."

Nikaandika. Vidole vilikuwa vinateleza, nilikosea mara mbili, Klara, herufi tano tu, nikabonyeza kuhifadhi. Simu ikatulia kidogo, kisha ikaandika kifaa kimoja kimeunganishwa, na mama Klara akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji mgongoni. Asnath akapiga kelele, kelele nzuri, ya njaa, nyekundu. Nikampokea. Miguu ilikuwa ya moto.

Mama mkwe wangu alichukua simu mkononi mwangu, akaizima, akaifunga kwenye kitenge. Hakutaka kulala kwangu. Alipokuwa anavaa viatu aliniambia bila kunitazama, "Nitaifukia zizini kwangu. Na wewe nisikilize. Mimi nikija kumwona mjukuu wangu nitapiga hodi. Hata nikija nikiwa sijui nina hali gani, nitapiga hodi. Kikiingia kitu bila hodi, hata kama kina jina langu, si mimi."

Nilimshika mkono kumuaga. Ulikuwa baridi.

Baada ya wiki tatu Elisha alinipigia kwenye ile simu yangu ya tochi. Walimkuta mama yake amekaa zizini, saa saba mchana, jua kali mpaka mbuzi wanahema, na mwili wake umepoa kama wa mtu aliyekufa tangu jana. Tulimzika Kinyangiri. Wanaume walichimba zizi lote. Kitenge walikikuta. Simu hapana.

Hayo yalikuwa mwezi wa nane. Juzi, Jumanne, nilikuwa uani naanika gunia la mwisho la alizeti, Asnath amekaa kwenye mkeka, bado hajatembea, anajivuta kwa makalio. Winfrida akaingia na simu yake mkononi, akipiga kelele tangu kwenye uzio.

"Mama Asnath, we mchoyo! Umeweka waifai kimyakimya?"

"Sina simu, Winfrida. Unajua sina."

"Sasa hii ni ya nani? Hii hapa, inaitwa Klara. Tena haina nenosiri." Akawa anatembea nayo uani, ameiinua, anasoma vile vimistari vya nguvu. "Hapa viwili. Huku kimoja. Huku..." Akasogea kwenye mkeka. Akainama. "Ala! Kwa mtoto imejaa yote."

Mbegu zilinimwagika. "Usibonyeze. Winfrida, nakuomba, usibonyeze."

Akanitazama, kicheko kimemganda usoni. Akaanza kuhamisha simu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, kama mtu aliyeshika kiazi cha moto.

"Sijabonyeza kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Imeingia yenyewe. Haijauliza."

Jua lilikuwa utosini. Upepo ukakatika. Nyuma yangu, kwenye turubai, alizeti zikaanza kukanyagwa, taratibu, kwa hatua za mtu mzima anayejua njia, zikanipita, zikafika kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nimesimama pale masikio yamenisimama, nangoja, Mungu wangu nangoja, nasikiliza hodi.

Asnath akainua mikono yote miwili, kama anavyoinua akitaka kubebwa.