Kidole cha Kitinda

Katika nyumba hii jogoo hana kazi. Kinachowaamsha watu ni cherehani. Chai haijachemka, kanyagio limeshaanza kulia, na ukutani nguo za wateja zinaning'inia zikisubiri vifungo.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Wateja humwita Mama Sindano. Alishona miaka mingi mpaka macho yakachoka. Sasa anakata vitambaa, anatia vifungo kwa kupapasa, na kumkosoa kila anayepita mbele yake. Wanawe wawili aliwafundisha kazi yeye mwenyewe. Wa kwanza aliitwa Mkubwa. Wa mwisho anaitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, ingawa sasa ana ndevu, mke, na watoto pacha.

Mkubwa alifariki mwaka uliopita. "Alikwenda hospitali kwa kidole cha mguu," Mama Sindano huwaambia watu, "wakanirudishia maiti." Akishasema hivyo hakuna anayeongeza neno.

Viatu vya Mkubwa alivirithi Kitinda. Ni vyeusi na vyembamba mbele. Vilimbana tangu siku ya kwanza, lakini hakusema. Mama yake alipenda kuvisikia vikipita ukumbini, naye Kitinda hakuwa na moyo wa kumnyima hilo.

Asubuhi moja cherehani ililia vibaya. Ilikwenda, ikasita, ikaenda tena. Mama Pacha, mke wa Kitinda, aliweka pasi chini.

"Baba Pacha, mbona leo unakanyaga kwa mguu mmoja?"

"Mwingine umechoka."

"Umechoka wenyewe, bila mwenzake?"

Mama Sindano alisikia. Huyu bibi haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya paka. "Lete huo mguu hapa," akasema.

Kitinda alivua kiatu. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu upande mmoja. Ukucha ulikuwa umezama nyamani. Kitinda alikuwa na tabia ya kukata kucha kwa mviringo, akizifuata pembe mpaka ndani kabisa, kama anayekata kola. Juu ya hapo akavaa viatu vinavyobana.

"Kaka yako alikuwa na ukucha huu huu," Mama Sindano alisema. "Dawa yake naijua."

Sasa, fundi wa nguo ana jibu lake kwa kila kitu kinachokaza. Kola ya mviringo ikigoma kulala, fundi hukata vipengo vidogo ukingoni, nayo inalegea. Basi Mama Sindano aliamini kwamba ukucha nao ni hivyo hivyo. Hukata kipengo katikati ya ncha yake, ili kingo zivutwe na kutoka nyamani. Kisha huchokonoa pembeni kwa ncha ya mkasi mdogo. Dawa hiyo ilimpa sifa mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama ukucha ni kitambaa.

Akakata kipengo. Akachokonoa.

"Yalaa! Mama, unaniua!"

"Hebu nyamaza. Kaka yako sikumsikia hata akiguna. Nilikuwa nachokonoa, yeye anatafuna karanga. Yule alikuwa jasiri."

Kitinda akauma midomo. Tangu utotoni alikuwa akipimwa kwa kaka yake, na kila mara alikuwa anapungua.

Siku zilizofuata mambo yalizidi kuharibika. Kidole kikaanza kutoa usaha. Kikanuka. Shuka likikigusa, Kitinda anaruka. Mama Pacha akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Twende zahanati."

"Nani aende wapi?" Mama Sindano aliuliza kutoka chumba cha pili. Akaja, akasimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. "Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja wameshanichukulia. Huyu siwapi."

"Mama, kidole kinaoza."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mama Pacha alikuwa na jibu, tena kali. Akalimeza. Yeye ni mkwe, na jibu la mkwe halisahauliki upesi.

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati. Jioni hiyo alileta gwanda lake la kazi lipanuliwe kiunoni.

"Shikamoo, mama. Hili gwanda limepungua."

"Marahaba, mwanangu. Gwanda liko vile vile. Wewe ndiye umeongezeka."

Muuguzi akacheka. Kisha akamtazama Kitinda, ambaye hata kucheka hakuweza. Akautazama mguu wake.

"Naomba nione."

"Hakuna cha kuona," alisema Mama Sindano.

"Sikuja na mkasi, mama. Nimekuja na macho tu."

Akapiga magoti, akakitazama kidole kwa makini bila kukibonyeza. "Kinauma?"

"Kinauma mpaka kwenye meno," alisema Kitinda, na akaona haya mbele ya mama yake.

"Vizuri kama unasikia maumivu," alisema muuguzi. "Ungekuja mwanzoni, kilipokuwa chekundu tu, ningekwambia uloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Ukaushe vizuri, uvae viatu vya wazi. Wengi hupona kwa hayo tu. Lakini sasa kuna usaha. Hili si jambo la nyumbani tena."

"Na hiki kipengo?" aliuliza Mama Pacha, akijifanya haulizi kitu.

"Hakisaidii. Ukucha unaota kutoka kwenye shina lake, huku nyuma. Ukikata mbele, shina halina habari. Na kuchokonoa kunawafungulia vijidudu mlango."

"Watanikata kidole?" Kitinda aliuliza.

"Hapana. Watakuchoma sindano ya ganzi kwenye kidole. Sindano yenyewe inauma kidogo, sikufichi. Baada ya hapo husikii kitu. Wanatoa kipande chembamba cha ukucha, huu upande uliozama, na wanaweza kupaka dawa ili upande huo usiote tena. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Hata mimi niliambiwa mwanangu atarudi," alisema Mama Sindano.

Muuguzi hakubishana. Akakaa kwenye kigoda karibu naye. "Nieleze alivyokuwa, mama."

Mama Sindano alianza kusimulia, kwanza kwa hasira, halafu polepole. Kidole cha Mkubwa kilikaa na kidonda muda mrefu. Alikichokonoa tena na tena, na mwanawe hakulalamika. Kilipogeuka cheusi, na mguu ukavimba mpaka gotini, ndipo wakampeleka hospitali. Alikuwa na homa kali, hata hakuwajua watu.

"Kabla ya hapo alikuwa na kiu sana?"

"Jagi la maji halikuondoka kando ya cherehani yake. Nilidhani ni joto la pasi."

"Alikonda?"

Mama Sindano alishika utepe wa kupimia shingoni mwake. "Nilimpunguzia suruali kiunoni. Mara mbili."

"Na ulipokuwa unachokonoa, hakusikia maumivu?"

"Alikuwa jasiri."

Muuguzi akamshika mkono. "Mama, mimi sikumpima, siwezi kuapa. Lakini kiu ile, kukonda kule, na mguu usiosikia maumivu, ni dalili za kisukari. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu. Mtu anapata kidonda, hasikii. Mtu wa namna hiyo hata ukucha mdogo haufai kuguswa nyumbani. Anatakiwa aende kwa daktari siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo hakuwa anavumilia."

"Nadhani hakuwa anasikia, mama."

Mama Sindano aliinuka. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Alikaa kitandani na mikono yake mapajani. Mwaka mzima alikuwa amewachukia watu wa hospitali, na chuki ile ilimsaidia kuishi. Sasa akaona jambo alilokuwa akilikwepa. Akikubali Kitinda aende, atakuwa amekubali kwamba na Mkubwa alipaswa kwenda, mapema, wakati yeye alikuwa amemshika mguu na kumsifu kwa ujasiri. Akikataa, atabaki na uongo wake, na huenda akazika tena. Alilia bila sauti, kwa uchungu wa mzazi ambaye hana wa kumlaumu isipokuwa mwenyewe. Kule ukumbini alimsikia Kitinda akijaribu kukanyaga cherehani, akiguna kwa maumivu.

Akafungua mlango.

"Mama Pacha," akasema, "mtafutie mumeo kandambili. Kesho asubuhi tunakwenda."

Kule zahanati, tabibu alianza kwa kumtoboa Kitinda ncha ya kidole cha mkono na kupima sukari. Ilikuwa sawa. Kisha wakamwingiza ndani. Mama Sindano alikaa kwenye benchi na mkwewe. Kutoka ndani hakukusikika kelele hata moja, na hilo ndilo lililomtisha. Siku hizi hakuamini tena mtu asiyelia. Akamshika Mama Pacha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mlango ulifunguliwa. Kitinda akatoka akichechemea, kidole kimefungwa bandeji nyeupe, anatabasamu.

"Mama, ganzi ile! Hata karanga ningetafuna."

Mama Sindano akacheka. Kicheko hakikufika mwisho. Kiligeuka kilio, na wagonjwa wote kwenye benchi wakatazama pembeni kwa heshima.

Tabibu aliwapa maelekezo. Siku za mwanzo Kitinda apumzike na kuuinua mguu. Kidonda kisafishwe na bandeji ibadilishwe kama alivyoonyeshwa. Maumivu yakizidi, wekundu ukipanda, au homa ikija, arudi mara moja. Viatu vya kubana basi. Na kucha zikatwe moja kwa moja, bila kuzungusha pembe, wala zisikatwe fupi mno.

"Moja kwa moja," Kitinda alirudia. "Kama pindo la pazia."

"Na ninyi wengine nyumbani mpimwe sukari," tabibu akaongeza. "Kisukari hupenda kutembea ndani ya familia."

Walipokuwa wanaondoka Mama Sindano alirudi nyuma peke yake.

"Daktari, nilikuwa na mwingine. Alikuwa na kidole kama hiki. Ningemleta mapema, angepona?"

Tabibu angeweza kumdanganya. Alimtazama yule mama, akaona kwamba hakuja kutafuta faraja.

"Huenda angepona, mama. Wengi wanaokuja mapema hupona."

"Ahsante kwa kuniambia kweli," alisema Mama Sindano.

Kidole kilipona. Baada ya wiki chache Kitinda alirudi kukanyaga kwa miguu yote miwili, na nyumba ikaamka tena na sauti nzuri ya cherehani. Wote walipimwa sukari. Ya Mama Sindano mwenyewe ilikutwa iko juu. Sasa anameza vidonge, anakwenda kliniki, na kila jioni Mama Pacha humkagua nyayo. Viatu vya Mkubwa hakuna anayevivaa. Mama Sindano bado anakosoa watu, lakini mara nyingine hunyamaza katikati ya sentensi na kuutazama mkono wake.

Siku moja aliingia mchukuzi wa mizigo kutoka sokoni. Alileta suruali itiwe kiraka. Alikuwa anachechemea.

"Mama Sindano, pamoja na kiraka nina shida nyingine," alisema huku akivua kandambili. "Ukucha huu unanila nyama. Wenzangu wamenielekeza kwako. Wanasema una mkono mwepesi. Nikatie kile kipengo chako, niwahi kazini."

Cherehani ikanyamaza. Kitinda na mkewe wakatazamana.

Mama Sindano alikiinamia kile kidole, akakitazama. Mkasi mdogo ulikuwa mezani, karibu naye. Akausukuma mbali.

"Mama yako yuko hai, mwanangu?"

"Yuko hai, mama."

"Basi nenda zahanati sasa hivi, kazi itakusubiri. Mimi kipengo hicho nilimkatia mwanangu, na nimemzika."